Shangazi Wembe na Tumbo la Diwani

Mwanamke anayeweza kukata nyama ikawa nyembamba kuliko unywele hawezi kukata mkate. Hilo ndilo jambo la kwanza utakaloambiwa kuhusu Shangazi Wembe ukifika nyumbani kwake, na atakayekuambia ni mumewe, huku ameunyanyua mkate wenyewe juu kama ushahidi wa mahakamani. Kipande cha kwanza kinene kama tofali. Cha pili ukikiinua unamwona jirani kwa upande wa pili. Mawifi wamejaribu kumfundisha wakachoka, watoto wamemcheka mpaka wakakua na kuhama, na yeye mwenyewe hushikilia kwamba kosa ni la mkate, hautulii. Basi kisu cha mkate akakabidhiwa mume, na ndoa imedumu.

Mume huyo ni kinyozi. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa mbele wa nyumba, kina kioo chenye ufa na benchi ambalo wengi hulikalia bila nia yoyote ya kunyolewa. Mtaa mzima huiita nyumba yao nyumba ya wembe, kwa kuwa mume anakula kwa wembe na mke anakula kwa wembe, na haipiti siku wasibishane wa nani mkali zaidi.

“Wembe wangu unagusa vichwa vya watu wazito,” husema kinyozi.

“Wangu unagusa matumbo yao,” hujibu mkewe, “tena hawajui hata kunisalimia.”

Ni kweli hawajui, maana Shangazi hufanya kazi mahali ambapo mgonjwa hafiki. Ni chumba cha mwisho kwenye korido ya chini ya hospitali kubwa, chenye meza ya vigae, sinki mbili, na harufu ya dawa inayokufuata mpaka kwenye basi. Huko huletwa vipande vidogo vya nyama vilivyotolewa mwilini mwa watu. Kazi yake ni kukigandisha kipande, kukikata kiwe utando usioonekana ukiutazama kwa ubavu, kuutandaza utando juu ya kioo, kuupaka rangi ya zambarau na ya waridi, kisha kumpelekea daktari wa darubini mwenye kusoma. Yeye hukata, daktari husoma, na miaka yote hiyo hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Daktari ni mrefu, mpole, na ana tabia moja tu ya ajabu: akiona jambo jema kwenye darubini huanza kuimba puani, akiona baya hunyamaza kimya. Shangazi hana haja ya kuuliza majibu. Husikiliza pua.

Mashine ya kukatia nyama iliyogandishwa wameipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu ni ya baridi siku zote, haitaki kuguswa ovyo, na ukiichelewesha kidogo inakuharibia siku. Shangazi ndiye pekee anayeelewana nayo. Anaingiza mkono mle ndani kwenye baridi ya barafu, anazungusha gurudumu polepole, na utando unajikunja ukitoka kwenye wembe. Hapo huukamata kwa ncha ya brashi kabla haujajiviringa. Wanafunzi wanaokuja kujifunza huwa wanaacha kupumua wakimtazama.

Mkono huo hakuupata chuoni. Baba yake alikuwa na bucha, na binti mwenye vidole vyembamba katika nyumba ya muuza nyama hana ujanja: alipewa utumbo. Kila siku alisimama kwenye beseni akiugeuza utumbo ndani nje na nje ndani, huku wenzake wakiruka kamba barabarani, na baba akimpigia kelele kutoka kwenye gogo la kukatia: “Nje kunang'aa, ndani kunakwaruza! Ukichanganya utamlisha mtu uchafu!” Aliichukia kazi ile kupita kiasi. Alisoma kwa bidii ili aukimbie utumbo, akafaulu, akaenda chuo cha maabara, akavaa koti jeupe, na kitu cha kwanza alichowekewa mezani siku ya kwanza ya kazi kilikuwa kipande cha utumbo. Alicheka mpaka wakamdhania mgonjwa.

Sasa Diwani.

Nyumba ya wembe ina ua wa pamoja: bomba moja, kamba za kuanikia nguo, choo kimoja kwenye kona chenye mlango wa bati. Upande wa pili wa ua anaishi mshonaji mmoja mwenye cherehani yake, mama mkwe wake, na binti wa miaka sita. Baba wa mtoto ni dereva wa lori, huonekana mara chache na hulala zaidi ya anavyoonekana. Binti huyo alikuwa na mikono myembamba, shingo nyembamba, na tumbo kubwa lililotangulia mbele yake kila aendako. Kwa uzito wa tumbo lile alizoea kutembea polepole, mikono nyuma, kidevu juu. Siku moja wazee wa benchi la kinyozi walipomwona akipita, mmoja akainuka na kusema, “Tumpishe Mheshimiwa Diwani, anakwenda kikaoni.” Jina likaganda.

Mtoto mwingine angelia. Huyu alilipokea jina kwa mikono miwili. Akaanza kutoa amri. “Diwani hataki kelele.” “Diwani hapokei wageni leo.” Benchi zima lilivunjika mbavu. Lakini waliokuwa wakiishi uani walijua ni kwa nini Diwani hapokei wageni, na hilo halikuwa na kicheko ndani yake. Mtoto alikuwa hapati choo.

Simaanishi hapati choo kama mimi na wewe tukila vibaya. Wiki ilipita, na nyingine ikaingia. Tumbo lilikaza likawa ngoma, mishipa ikaonekana juu yake, chakula kikamrudi mdomoni. Ndipo safari ya chooni ilipoanza, na ilikuwa safari ya ukoo mzima. Mama alichuchumaa mbele yake amemshika mikono yote miwili. Bibi alisimama nyuma akimpigapiga mgongo. Mlangoni walisimama majirani, kila mmoja na dawa yake: mpe papai, mpe mafuta ya nyonyo, mwekee kipande cha sabuni, mwimbie, mchape. Bati la mlango lilikuwa halifungwi kabisa, litafungwaje na watu wote wale? Mtoto alijikamua mpaka macho yakamtoka pima, na mara nyingi akatoka vilevile alivyoingia.

“Anabana makusudi,” alisema bibi. Mwalimu wa shule akasema hivyohivyo. Zahanati ikampa sharubati ya kulainisha choo, chupa baada ya chupa, na kumwambia mama aongeze mboga. Mama wa watu akaongeza mboga mpaka mtoto akiona kijani analia. Ukimkuta mshonaji yule kwenye cherehani ulimwona akishona mishono iliyonyooka huku machozi yanamtoka, bila kusimamisha mguu. Alikuwa ameshaamini kwamba kosa ni lake, ila hajui ni lipi.

Aliyekuja kulifungua fundo ni daktari mpya wa upasuaji wa watoto kwenye hospitali ileile ya Shangazi, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Alimlaza Diwani, akamgusa tumbo, halafu hakuuliza habari za mboga wala papai. Aliuliza, “Mama, alipozaliwa, kile choo cheusi cha kwanza alikipata lini?”

Miaka sita, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. “Hakukipata,” alisema mshonaji. “Mpaka siku ya tatu, nesi alipomwingiza mrija.”

“Basi mtoto habani,” alisema daktari. “Na wewe hukukosea kitu. Huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Tutauhakikisha.”

Mshonaji aliporudi uani jioni ile alimtafuta Shangazi moja kwa moja, akamsimulia neno kwa neno, na aliposema “hukukosea kitu” akaangua kilio kikubwa hata wateja wa kinyozi wakaja na povu vichwani kuona kulikoni.

Hospitalini wakampiga Diwani picha ya eksirei baada ya kumtia dawa nyeupe kwa njia ya haja, na picha ikaonyesha kipande cha chini cha utumbo kimesinyaa, na juu yake utumbo umevimba ukawa mfuko. Wakachukua punje ya nyama kutoka sehemu ile iliyosinyaa. Punje hiyo ikashuka korido ya chini, ikafika mezani kwa Shangazi Wembe. Alikata, daktari wa darubini akasoma, akatafuta kioo hiki na kioo kile, na pua yake haikuimba. Seli za neva hazikuwepo hata moja.

Jioni hiyo Shangazi alisimama mbele ya benchi la kinyozi, mshonaji akiwa amempa ruhusa awaeleze, kwa sababu mwenyewe alikuwa amechoka kueleza. Waliokuja ni wengi kuliko vichwa vya kunyolewa.

“Utumbo hausukumi chakula kwa kuambiwa na sisi,” alisema. “Una seli zake za neva, zimejipanga toka juu mpaka chini, ndizo zinazouamuru: kaza hapa, legea pale. Sasa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, seli zile husafiri. Zinaanzia juu, zinashuka. Za Diwani ziliishia njiani. Huko chini hakuna wa kutoa amri, kwa hiyo utumbo umekaza tu, haulegei. Mmeona watu wakipokezana matofali kwenye ujenzi? Wale wa mwisho wakikosekana, matofali yanarundikana.”

Bibi wa Diwani, aliyesema siku zote kwamba mtoto anabana makusudi, alivuta kanga yake akafunika uso.

“Na dawa yake?” aliuliza kinyozi.

“Wanakata kipande kisicho na seli, wanauvuta ulio mzima mpaka chini, wanaunganisha. Lakini kwa macho huwezi kujua uzima unaanzia wapi. Kwa hiyo mtoto akiwa pale mezani, daktari anatoa kipande kidogo, analeta kwetu, sisi tunamjibu: bado, panda juu, au, hapahapa. Seli zikiwa karibu, atavuta na kuunganisha siku hiyohiyo. Zikikosekana karibu, atamtolea utumbo ubavuni, choo kiwe kinatoka kwenye mfuko. Kwa muda gani, Mungu ndiye ajuaye.”

Diwani alikuwa amekaa mwisho wa benchi, miguu ikining'inia, na hakuna aliyemkumbuka kwamba ana masikio.

“Huo mfuko,” akasema, “nitauficha wapi shuleni?”

Shangazi alimtazama mtoto yule, na tangu saa ile akawa hataki kitu kingine duniani isipokuwa seli zile ziwe karibu.

Zilipita wiki za kumwosha Diwani utumbo kwa maji ya chumvi hospitalini hadi tumbo likapungua, ndipo siku ya upasuaji ikaja. Shangazi alimwambia daktari wa darubini mapema, “Huyu mtoto ni wa uani kwetu.”

“Utaweza?” aliuliza daktari.

“Nitaweza.”

Alipiga moyo konde. Alimfungulia Mama Mkwe, akaufuta wembe mpya, akapanga vioo, akapanga rangi, akazipanga upya. Mikono ilikuwa baridi hata kabla ya kuiingiza kwenye mashine.

Mlango ukagongwa, kipande cha kwanza hicho! Cha sehemu iliyosinyaa. Akakiweka kwenye kisahani cha chuma, akakifunika kwa jeli, kikaganda. Akakata, akapaka rangi, akapeleka. Daktari alitazama na kunyamaza. Hilo walilitarajia. Akapiga simu chumba cha upasuaji. “Bado. Panda.”

Kipande cha pili kilitoka pale utumbo unapoanza kupanuka. Akakata. Daktari akatazama: nyuzi za neva nene, nene mno, lakini seli hakuna. “Bado. Panda.”

Cha tatu kilitoka kwenye utumbo mpana, uliofanana na utumbo wa mtu mwenye afya. Tarishi wa chumba cha upasuaji alikuwa akihema. “Daktari anasema hiki ndicho. Anasema anaweza kukivuta hiki kikafika chini bila shida. Akipanda juu zaidi ya hapa, utumbo hautafika chini.”

Hiki ndicho! Shangazi alikipokea kama aliyepokea yai. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele na kimejikunja. Akakiweka kwenye kisahani, akakimwagia jeli, akakiingiza kwenye baridi, akaanza kuzungusha gurudumu. Utando wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akapaka rangi harakaharaka kwa furaha, akampelekea daktari, akasimama nyuma yake akisubiri wimbo.

Wimbo haukuja.

Daktari alisogeza kioo kushoto, akasogeza kulia. Kisha daktari akainua kichwa, na uso wake haukuwa wa huzuni bali wa mashaka.

“Shangazi, ninaona msuli wa upande mmoja tu. Unakwenda urefu mtupu. Uko wapi ule unaozunguka? Umekisimamisha kipande hiki, au umekilaza?”

Msuli wa utumbo una matabaka mawili, na seli zile za neva hukaa katikati yake, kama siagi kati ya vipande viwili vya mkate. Kila anayeanza kazi ile hufundishwa na Shangazi mwenyewe: kisimamishe, ukate toka ubavuni, uone mkate, siagi, mkate. Ukikilaza ukakata juu juu, utakuta mkate mtupu, na utaapa kwamba siagi haipo. Shangazi Wembe, mwalimu wao wote, kwa haraka ya mapenzi, alikuwa amekilaza.

Simu ikalia. Daktari akaiweka ili wasikie wote, na sauti kubwa ya mwanamke mfupi ikajaza chumba. “Vipi huko? Mtoto ameanza kuchoka, shinikizo la damu linashuka. Sina nafasi ya kutoa kipande kingine. Nipeni jibu, la sivyo natoa mfuko na kufunga.”

“Kipande kimelala vibaya,” alisema daktari wa darubini. “Tuvumilie kidogo.”

“Kidogo tu!”

“Kosa ni langu,” alisema Shangazi. “Nipe nikigeuze.”

“Kimebaki?”

“Kimebaki kidogo.”

Kilichobaki kilikuwa sawa na chembe ya ufuta. Alikitoa kwenye baridi, akakiyeyusha juu ya kioo, jeli ikatiririka, na kikabaki kijinyama kisicho na juu wala chini. Tatizo likawa hilo hasa. Wembe wake ulikuwa umeshakula tabaka la nje. Lakini kama kilikuwa kimelala kimshazari, basi ncha moja bado ilikuwa na matabaka yote mawili. Ncha ipi? Akikisimamisha kwa ile nyingine, ataupata mkate mtupu kwa mara ya pili, na hakutakuwa na ya tatu.

Na hapo, akiwa ameinama juu ya chembe ile, alimsikia muuza nyama akipiga kelele kutoka kwenye gogo lake, miaka na miaka iliyopita: nje kunang'aa!

Alivuta taa ya mezani, akaiinamisha mpaka mwanga ukaja kwa ubavu, akakisukuma kijinyama taratibu kwa ncha ya brashi. Upande huu ulikuwa mfu. Akakizungusha. Mfu. Akakizungusha tena. Na pale, kwenye ukingo mmoja, pakamemeteka kamstari kadogo, kembamba, kenye unyevu, kama kamasi ya konokono kwenye ukuta. Ngozi ya nje ya utumbo! Ilipobaki ngozi ya nje, tabaka la nje lipo chini yake, na la ndani lipo chini ya hilo, na kama Diwani ana siagi yoyote, ipo katikati.

“Nimekuona!” alisema kwa sauti. Alimwambia nani, hata yeye hajui.

Alikisimamisha kwa koleo, ukingo unaong'aa ukimtazama kushoto, akakimwagia jeli tone kwa tone asikiangushe. Mama Mkwe akakimeza. Alizungusha gurudumu kwa namna asiyowahi kuzungusha, polepole hata daktari akakaribia kusema kitu na akajizuia. Utando ukatoka. Akaukamata. Kioo, rangi ya zambarau, maji, rangi ya waridi. Akampa daktari, na safari hii hakusimama nyuma yake. Alienda kusimama kwenye sinki, akafungua bomba, akaosha mikono ambayo ilikuwa na glavu.

Maji yalikuwa yakitiririka, kwa hiyo mwanzoni hakusikia. Akafunga bomba.

Daktari alikuwa akiimba puani.

Mwanzoni chini chini, halafu kwa nguvu, wimbo usio na maneno wala adabu, akipiga na mguu sakafuni. “Zipo!” alipaza sauti. “Shangazi, zipo! Zimejaa tele! Njoo uone mwenyewe!”

Aliinama kwenye darubini. Kushoto msuli, kulia msuli, na katikati yake, zimekaa makundi makundi kama kina mama waliofika mapema harusini, seli kubwa za zambarau, kila moja na kiini chake cha mviringo chenye doa jeusi. Alikuwa ameziona seli hizo mara nyingi kuliko alivyoona ndugu zake. Siku ile aliziona nzuri mno, akataka kuzikumbatia.

“Hapohapo!” daktari alikuwa akipiga kelele kwenye simu. “Hapohapo, usipande! Vuta, unganisha!”

Kwenye simu ilisikika shangwe ya watu wenye barakoa midomoni.

Sasa kulikuwa na shida moja. Kanuni ya kazi ni kwamba majibu hutolewa na aliyempasua mgonjwa, si na watu wa korido ya chini, na Shangazi ni mtu wa kanuni. Lakini njia ya kwenda kunywa chai hupita mbele ya benchi la kusubiria walilokaa mshonaji na mama mkwe wake. Akaamua atapita haraka, ameuma midomo, anatazama mbele.

“Shangazi!” mshonaji akasimama. “Mbona unacheka?”

“Sicheki.”

“Unacheka! Mama, mtazame, anacheka!”

“Nimesema sicheki,” akajibu Shangazi, huku meno yote nje, na akapitiliza karibu anakimbia. Nyuma yake bibi yule alianza kupiga vigelegele kwenye korido ya hospitali hadi mlinzi akaja. Heri mlinzi angeambiwa azuie mvua.

Habari ya pili ilikuja kwa simu, Diwani akiwa bado wodini. Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Akasikiliza, akazima mashine, akatoka nje barabarani akapaza sauti: “Diwani kapata choo!” Benchi zima likasimama. Mwenye kichwa nusu akasimama pia, akapiga makofi na wengine, nywele upande mmoja na upara upande mwingine, na alipokumbuka hali yake hakujali. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: watu wazima wenye heshima zao wanapeana mikono ya pongezi barabarani kwa ajili ya choo cha mtoto wa mwenzao.

Jioni ile Shangazi alimsimulia mumewe habari ya kipande cha tatu, na jinsi alivyokilaza badala ya kukisimamisha. Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Mkate na siagi,” akasema. “Mke wangu, si tulikubaliana usiguse mkate?”

Alimrushia taulo la usoni. Wakacheka wote wawili hadi wakashikana mabega, na katikati ya kicheko Shangazi akaanza kulia, kwa sababu sasa tu ndio woga wote wa siku ile ulipata nafasi.

Diwani alirudi uani na kovu, na tumbo la mtoto wa kawaida. Nguo zake zote zilimning'inia mbele, mama yake akazipunguza moja baada ya moja kwenye cherehani akiimba. Benchi lilimpokea kwa heshima zote. Mzee mmoja akasema kwa utani kwamba bila tumbo lile cheo kimemtoka, naye akamjibu, “Diwani hachaguliwi kwa tumbo.”

Kisha, asubuhi moja, uani watu wakiwa kwenye bomba, mtoto aliacha kucheza. Akasimama wima, akaweka mkono chini ya kitovu, uso umejaa mshangao.

“Mama,” akasema, “tumbo linaniita.”

Hakuwahi kusema hivyo tangu azaliwe. Ndoo ziliachwa zikifurika. Kwa mazoea ya miaka yote, ukoo ukajipanga: mama mbele, mikono imeshanyooshwa tayari kumshika, bibi nyuma, kiganja kimekunjuliwa kwa ajili ya mgongo, majirani nyuma ya bibi, kinyozi na kitana chake, Shangazi Wembe na mkate mkononi, maana alikuwa akijaribu kwa siri.

Diwani alifika mlangoni, akageuka, akawatazama wote. Akanyanyua mkono wake mwembamba.

“Diwani hapokei wageni,” akasema.

Akaingia. Bati likafungwa, na kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe wakasikia komeo likisukumwa na mkono wa mtoto. Mama yake alibaki pale na mikono yake miwili mbele, mitupu, bila kujua aiweke wapi.

“Nasema nendeni!” sauti ikatoka ndani.

Wakaenda.